Mnaenda kwa Nani?

Mtu wa Kitengela hahitaji nauli ili aone maji ya chumvi. Anafungua mfereji tu. Visima vingi vya kwetu hutoa maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na yanayogombana na sabuni hadi povu likate tamaa. Floraidi iliyomo imewatia watu wengi wa Kajiado rangi ya kahawia kwenye meno. Maji ya kunywa tunanunua kwenye lori, mtungi kwa mtungi, na lori lisipokuja tunapika chai isiyokubali sukari. Kwa hiyo wanangu walipotangaza kwamba wanataka kupelekwa baharini, nilidhani ni utani.

Aliyewachochea ni shangazi yao. Dada yangu ni muuguzi huko Dundee, Uskoti, na akipata siku ya mapumziko hupanda gari la moshi hadi Arbroath, mji mdogo wa pwani wenye bandari, samaki waliokaushwa kwa moshi, na shakwe wanaonyakua chipsi mkononi mwa mtu kweupe, kama makanga wa Kitengela wanavyonyakua mzigo wa abiria. Hutuma picha. Katika kila picha, hata ya mwezi wa saba, amevaa koti zito na kofia ya sufu, na nyuma yake bahari imelala bila mtu hata mmoja majini. Mama yangu huziangalia kwa muda mrefu, kisha huuliza swali lile lile: "Sasa hawa wameenda kufanya nini?"

Dada hueleza kwamba huko ndiko kustarehe. Unatembea ukingoni, unapigwa na upepo, unakula samaki na chipsi, unasema leo hali ya hewa si mbaya sana, unarudi nyumbani. Kuogelea hapana, labda uwe umechoka kuishi. Bahari ya Kaskazini haina huruma hata wakati wa kiangazi.

Hapo nikapata wazo. Ikiwa likizo ya pwani ni kwenda kuangalia maji usiyoweza kuingia, basi Kaunti ya Kajiado inayo pwani yake. Iko kwenye Ziwa Magadi, na haihitaji mtu kulala hotelini.

Mama alikataa kwanza. "Nitoke Kitengela nikaangalie kitu ninachonunua sokoni cha kupikia maharagwe?" Alilegea aliposikia kuna chemchemi za maji moto, kwa sababu ya magoti yake. Akaja na mtungi mtupu wa lita tano, bakuli la chapati, ndimu za kula na nyama, na sweta mbili, maana asubuhi ya Kitengela mwezi wa saba si ya mchezo. Watoto walivalia nguo za kuogelea nyumbani kabisa, wasije wakapoteza muda. Gari lilikuwa la shemeji, ambaye alituhakikishia kwamba kipoza hewa chake kinafanya kazi, ila hakutaja ni kazi gani.

Tulipita Kisaju, tukakata kulia Isinya, tukatokea Kiserian, tukapanda hadi Kona Baridi kwenye bega la Milima ya Ngong. Kutoka hapo barabara inaanguka ndani ya Bonde la Ufa. Kona Baridi iko juu kuliko jiji la Nairobi; Ziwa Magadi liko kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Masikio yanaziba, yanazibuka, na joto linapanda kila ukivuka kilima. Kufika Oltepesi, sweta zote mbili zilikuwa zimegeuzwa mito.

Tulisimama Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kuchimba miaka ya 1940, na ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale yametapakaa chini pale pale yalipoachwa. Mwelekezi alieleza vizuri sana kuhusu ziwa lililokuwapo hapo zamani na wanyama waliochinjwa kando yake. Mama alitazama mawe yale toka mwanzo hadi mwisho. "Vyombo vyote hivi," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyerudisha jikoni."

Mlangoni mwa mji wa Magadi kulikuwa na kizuizi na mlinzi mwenye daftari.

"Mnaenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu. Tumekuja kutembea tu."

"Kwa nani?"

"Tumekuja kuona."

"Kumwona nani?"

Nyuma yangu magari mawili yalikuwa yameanza kupiga honi. Mama akatoa kichwa dirishani. "Kijana wangu, hujambo? Tumekuja kwa ajili ya magoti."

Mlinzi akaandika, akafungua. Naamini daftari lile linaonyesha mpaka leo kwamba niliingiza Magadi magoti mawili ya kike, umri wa kutosha. Wazungu wawili waliokuwa nyuma yetu na darubini za kuangalia ndege walipita bila kuulizwa wanaenda kwa nani. Sura zao zilijibu kwa niaba yao. Sisi wa Kitengela, umbali wa asubuhi moja, tulikuwa hatuna maelezo.

Lakini sikumlaumu. Magadi haukujengwa kwa ajili ya watu wa kushangaa. Kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911, ikaletewa reli kutoka Konza kupitia mji wa Kajiado, ili mzigo ufike Mombasa na kwenda kutengeneza vioo na sabuni za dunia. Mji mzima uko juu ya ulimi wa ardhi uliozungukwa na ziwa, na kila mtu ndani yake ana zamu. Hata ziwa lenyewe liliwahi kupewa kazi ya ziada: katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, ndilo lililoigiza Ziwa Turkana. Mahali kama hapo, familia yenye bakuli la chapati na isiyo na haraka ya kwenda popote inatia wasiwasi. Dada aliniambia baadaye kwamba Arbroath ni vivyo hivyo. Mvuvi ana haraka, mchuuzi wa samaki ana haraka, na aliyesimama katikati ya njia akipiga picha kamba za mashua ni mtalii.

Pwani yenyewe tuliiona. Ni nyeupe, kisha waridi, kisha nyeupe tena, na joto linapanda kutoka chini na kushuka kutoka juu, likakukuta katikati. Kifungua mimba alisimama ukingoni na boya lake kiunoni, akatazama ule ukoko mgumu wa magadi ulioenea hadi milimani. "Baba, mawimbi yako wapi?" Nikamwambia yamekwenda kazini.

Kwenye chemchemi, upande wa kusini, akina mama wa Kimaasai walitupokea. "Supa!" "Ipa!" Wakatandika shanga juu ya shuka kabla hatujafunga milango ya gari. Mimi nilijiandaa kushindwa, kama kawaida yangu mbele ya mtu anayeuza. Mama akajitosa. Baada ya mazungumzo marefu ambayo sikuyafuata, alirudi na mkufu shingoni na sweta moja imepungua. Aliyeichukua alikuwa anakwenda soko la Ngong wiki hiyo, na Ngong kuna baridi. Alitaka hata ile ya pili, lakini Mama akasema biashara isigeuke tamaa.

Mwenyeji mmoja alituonyesha mahali ambapo maji hayachomi. Ziko chemchemi ambazo ukitia yai linaiva, kwa hiyo usiende peke yako na ujuaji wako wa Kitengela. Tukakaa mstari mmoja, miguu majini, na samaki wadogo wakaja kututembelea. Ni jamii ya tilapia, ndio samaki pekee wa ziwa hilo, na wanamudu maji yanayokaribia nyuzi 40 na yenye magadi tele. Nikawaeleza watoto ajabu yao: samaki wengi hutoa amonia, lakini hawa hutoa yurea, ile ile iliyomo katika mkojo wetu sisi.

Kitinda mimba akafikiri. "Kwa hiyo wanakojoa humu?"

Miguu yote ikatoka kwa pamoja.

"Samaki anayeishi kwenye maji moto yenye magadi," Mama akasema, akibaki peke yake majini, "huyo ameshapikwa. Bado kupakuliwa tu." Wakati tunamcheka, mbuzi wa boma la karibu walikuwa wamefika kwenye bakuli la chapati. Waliacha kifuniko.

Ikabaki nyama tuliyonunua mjini, na ndimu. Mama alikuwa amejaza leso mabonge ya magadi ya bure, kwa hasira ya bei za sokoni, na tone la ndimu likaangukia bonge moja. Likachemka povu. Watoto wakapiga kelele, ndimu zote zikaisha hapo hapo, na nyama tukaila kavu.

Ndipo nilipomkumbuka Mskoti mmoja. Joseph Thomson alikuwa na umri wa miaka 25 hivi alipokatiza nchi ya Wamaasai mwaka 1883, akitumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Alipita huku kwetu hadi Ngong, na swala tomi wa nyika za Kitengela hadi leo anabeba jina lake. Njiani alijinadi kuwa mganga mkuu kwa mbinu mbili: kutia chumvi ya Eno majini ili itokote, na kuchomoa meno yake ya bandia mbele ya watu. Hebu fikiria. Mtu amesafiri kutoka Uskoti na kikopo cha chumvi ya kutoa povu, akaja kutishia wenye nchi iliyo na ziwa zima la magadi. Na meno! Mama yangu ana matatu ya bandia, huyaweka kwenye gilasi kila usiku, na hakuna mjukuu aliyewahi kumwita mganga.

Jambo moja tu lingemliwaza Thomson huko Magadi, nalo ni uwanja wa gofu. Upo, na hauna majani. Waskoti walibuni mchezo huo kwenye nyasi za pwani zao zenye umande, ukazunguka dunia ukafika hapa, ukavuliwa nguo zote. Tuliupita saa nane mchana. Hata kazi ilikuwa imepumzika, na uwanjani hakuwapo mtu.

Kurudi ni kupanda. Gari la shemeji lilipanda kwa heshima mpaka karibu na Milima ya Ngong, likakohoa, likatoa mvuke. Lori lililokuwa likipanda nyuma yetu likasimama, dereva akashuka.

"Mna maji, mzee?"

Maji ya kunywa tulikuwa tumeyamaliza. Yaliyobaki ni mtungi wa lita tano kutoka kwenye chemchemi, na Mama alikuwa ameupakata.

"Haya ni ya magoti," akasema.

Dereva akaunusa mfuniko wa mtungi, akatikisa kichwa. "Hata ukinipa sitii, mama. Rejeta itaota meno." Akatuachia mtungi wake mwenyewe, akatuambia tungoje injini ipoe nusu saa, tusiguse kitu. Kisha, kwa adabu ya watu wa barabara ndefu, akaongeza kwamba mbele ana nafasi ya mtu mmoja, kama kuna mzee asiyeweza kungoja kwenye baridi.

Mama alikuwa ameshafungua mlango. Akapandishwa yeye, mtungi wake, leso yake ya magadi na sweta iliyobaki.

"Mtanikuta Kiserian," akasema kutoka juu. "Nitakuwa nimeagiza chai. Mje na pesa."