YAH: Shukrani kwa Bango la Kunawa Mikono

Mitole, Kilwa.

Kwa Mheshimiwa sana, Mtukufu, Mlezi wetu na Mgeni Rasmi wetu wa kudumu,

Shikamoo. Naomba upokee na shikamoo ya pili, ya akiba, kwa kuwa ya kwanza najua itaishia kwa msaidizi wako, na ni haki yake, maana ndiye anayefungua bahasha. Ningekuja mwenyewe kukupa mkono, ila natoka kumuuguza mtu wodini na mkono wangu haujaonana na maji. Adabu imenielekeza kwenye karatasi.

Kwanza nashukuru kwa bango. Katika kituo kimoja cha afya, ambacho kwa heshima sikitaji, limebandikwa bango zuri la zile nyakati tano za kunawa mikono zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kusafisha kidonda, baada ya kugusa damu na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa hata shuka lake. Rangi zake zinang'aa kama siku lilipoletwa, kwa sababu sinki lililo chini yake halijawahi kulirushia tone. Kwa utunzaji huo wa mali ya umma, pokea pongezi zetu.

Wapo wasio na shukrani wanaosema manesi wetu ni wachafu. Kwa kuwa una mengi, nimekufanyia hesabu. Kunawa kwa sabuni na maji tiririka, kama inavyoelekezwa, ni sekunde 40 hadi 60. Nesi mmoja mwenye wagonjwa 30, akinawa kabla na baada ya kila mmoja, amenawa mara 60. Mpimie lita moja tu kila mara: ni ndoo tatu za lita 20, kwa mzunguko mmoja wa wodi. Ndoo hizo huja kichwani mwa ndugu wa wagonjwa, na nesi mwenye huruma huzigawa: mzazi kwanza, kichanga, halafu kidonda. Mikono yake inapofikiwa, ndoo imekauka. Kitakasa mikono cha spiriti, kinachomaliza kazi kwa sekunde 20 au 30 bila maji, nacho tunacho. Kimefungiwa kabatini kwa kufuli, kisije kikaisha.

Usidhani tunalalamikia mabomba. Bomba wilaya yetu inalo, na la kujivunia: tangu 2004 gesi inatoka Songo Songo, inapita chini ya bahari hadi Somanga, kisha inakwenda hadi Ubungo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 200, wala haijawahi kusingizia umbali. Tunafarijika kujua kwamba kitu kikitakiwa na wakubwa husafiri. Maji ya kisima kilicho jirani na wodi yenyewe bado yanasubiri upembuzi yakinifu.

Wala sitaki kufanana na yule daktari Ignaz Semmelweis, aliyewataka wenzake huko Vienna, mwaka 1847, wanawe kwa maji ya klorini watokapo kupasua maiti, kabla hawajawagusa wazazi. Vifo vikashuka, na wakubwa wengi wakaudhika kuambiwa mikono yao inaua. Alikufa 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kosa lake naliona: hakuanza na shikamoo.

Sasa nije kwenye ziara yako, ambayo bado tunaisimulia. Boza la maji lilifika alfajiri. Ikaja ndoo mpya yenye koki, sabuni ikiwa bado na karatasi yake, na taulo jeupe ambalo hatukujua linatumikaje. Ukanawa mbele ya kamera, polepole, hadi kwenye viwiko. Sinki tulilolidhani pambo likatoa maji! Manesi walinawa nyakati zote tano, na mmoja akabuni ya sita kwa furaha. Vumbi la msafara wako lilipotulia, ndoo ilirudi ilikoazimwa, na sabuni ikaifuata.

Hapo tukajifunza kwamba maji hayana ubaya na sisi. Yanaheshimu cheo tu.

Kwa hiyo, kwa magoti yote mawili, naleta ombi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Fakiri kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Nasi tunaomba koti lako. Lile la suti nyeusi, ulilolivaa siku ya ziara. Msumari tumeshaupigilia juu ya sinki. Likining'inia pale, dereva wa boza akichungulia dirishani atadhani bado upo, na koki nayo itaona haya. Mlinzi amekubali kulipigia saluti kila asubuhi.

Ikiwa koti lina shughuli nyingine, tai inatosha. Tutairudisha ikiwa imefuliwa, maji yakiwapo.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa Mitole

Nakala: Ndoo yenye koki, popote ilipo.