Mheshimiwa wa Mnazini

Tulipokuwa shule, kiwanja chetu huko Msambweni hakikuwa na ukuta, sembuse tiketi. Jukwaa la waheshimiwa lilikuwa mnazi ulioinama: aliyewahi kupanda ndiye mheshimiwa.

Agosti 2025 michuano ya soka ya CHAN ikaja Kenya, nasi tukaambiwa tustaarabike, tiketi ni za mtandaoni. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, unaketisha watu wapatao 48,000, lakini mashabiki walipofurika hadi kuvamia malango, shirikisho la soka Afrika, CAF, likaamua mechi ya Kenya na Zambia iingize 27,000 tu. Basi shabiki wa Diani ashindane na jirani wa Roysambu! Yule akimaliza chai yake anatembea kwa miguu. Huyu avuke feri Likoni, aikimbilie treni Miritini, na muda wote huo simu inazungusha kiduara, ikimwomba awe na subira. Pesa, lakini, zilishakatwa. Upande huo mtandao haujawahi kupata hitilafu.

Wala msituambie tungeletewa mechi Pwani. Uwanja wa Manispaa pale Mombasa ulikuwa ukikarabatiwa miaka nenda miaka rudi. Wakandarasi nao wana haki ya kupumzika, joto letu mnalijua.

Mimi nilibaki Ukunda, ukumbi wa video, shilingi hamsini mkononi na bila nywila. Tarehe 10 Ryan Ogam wa Kenya alipoifunga Morocco, bao pekee la mechi hiyo dhidi ya waliokuja kuwa mabingwa, nililiona lote. Swahibu yangu, mwenye tiketi halali, alilisikia akiwa nje kwenye foleni.