Naomba kulipa kwa kusikiliza

Waheshimiwa Wajumbe,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

YAH: OMBI LA KULIPA MKOPO KWA KUSIKILIZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mnufaika. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo mlilonipa, na ni tamu kuliko "mdaiwa". Nilinufaika miaka mitatu: nilikula boom la kujikimu, nikasoma saikolojia na ushauri nasaha, nikafundishwa kukaa na mtu anayelia bila kukimbilia kumwambia "yatapita". Sasa ni zamu yenu kunufaika, na sina kinyongo.

Kwanza shukrani. Mei Mosi ya 2021 Rais Samia alitangaza kufutwa kwa ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikinenepesha deni huku mwenye deni akikonda. Ikabaki asilimia 15 ya mshahara, ambayo ilikuwa 8 hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, ikawakumba hata waliosaini wakati wa 8. Kwenye somo la maadili tulikaririshwa kwamba mteja akiridhia jambo moja, hujaruhusiwa kumfanyia jingine. Lakini sawa, sheria haikusoma darasani kwetu.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme mshauri nasaha kapata kazi ya 600,000 kwa mwezi. (Wenzangu wanaojitolea kwa nauli watacheka hapa. Waacheni, kucheka ni tiba.) Hifadhi ya jamii inachukua 60,000. TRA, ambao mtaani hawasifiwi kwa upole, wanamwachia 270,000 za mwanzo bila kuzigusa, na mwisho wa yote wanaondoka na 24,000. Nyinyi mnaanzia shilingi ya kwanza: 90,000. Kwa hiyo huyu mtu analipia cheti chake karibu mara nne ya anachochangia kuendesha nchi nzima. Anabaki na 426,000, na hapo mwenye nyumba hajagonga mlango. Kama alikopa milioni 12, atamaliza baada ya miaka 11, mradi asiumwe, asifukuzwe, na mkataba usiishe.

Mtasema asilimia ni ileile kwa kila mtu. Kweli. Injinia wa milioni 2 akiwa na deni hilohilo anakatwa 300,000, anamaliza kwa miezi 40, na kila mwezi bado anatoka na zaidi ya milioni. Mkopeshaji ni yuleyule, fomu ni ileile, soko ndilo halijui kusoma fomu.

Na soko letu mnalijua? Kungwi hana digrii wala deni, lakini kwenye kitchen party anatunzwa noti mpaka zinadondoka, na khanga juu. Mganga anadai kuku mweusi na anapewa. Mimi nikitaja bei ya saa moja, naulizwa: "Yaani kuongea tu nako kunalipiwa?" Shangazi, mjomba na majirani wanahudumiwa bure, kwa sababu "wewe si umesomea mambo ya akili?" Kisha haohao wakitaka kumtukana mtu wanasema katoroka Mirembe. Hospitali ya Taifa ya magonjwa ya akili, pale Dodoma, imekuwa tusi. Mnadhani waliosomea kazi hiyo watapandishwa mshahara na nani?

Kuna waliodhani wamepata pa kujishikiza: miradi ya Ukimwi, iliyoajiri washauri nasaha kwa fedha za Wamarekani. Januari 2025 Trump akasimamisha misaada ya nje kwa kalamu moja. Kalamu hiyo haikusimamisha mkopo wa mtu.

Sasa niliseme linaloninyima usingizi. Mwaka 2024 mlituzindulia kampeni ya "Fichua, Kuwa Hero wa Madogo", tuwataje waliokopa wakajificha. Jina zuri, na madogo kweli wanasubiri fedha hizo, hilo silifanyii mzaha. Ila fikirini: mtu ameingia, amekaa, amefunga mlango, amelia dakika ishirini, kisha anakiri kinachomkosesha usingizi ni mkopo wenu. Nifanye nini? Nimpe kitambaa huku natafuta namba yenu? Mlinikopesha fedha nisomee kutunza siri, leo mnanitaka nifichue. Mkopo na kampeni vinadaiana vyenyewe.

Ndipo linapokuja ombi langu. Nimejipangia bei ya 30,000 kwa saa. Bei ya kujipa moyo, lakini iwekeni kwenye jedwali lenu. Makato yale ya 90,000 ni saa tatu kwa mwezi. Niruhusuni nizilipe hapo ofisini. Mna maofisa wanaopokea simu za wanufaika kutwa nzima, wanaapizwa, wanaliliwa, wanaambiwa "nipo kwenye daladala, nitapiga baadaye", kisha wanarudi nyumbani kulipa mikopo yao wenyewe. Hao nitawasikiliza bila kuwaambia yatapita.

Naweza kuanza Jumatatu. Nauli juu yangu. Naomba tu chumba chenye mlango unaofungwa, na kama kuna bango la Fichua ukutani, litolewe kabla mtu wa kwanza hajaanza kulia.

Wenu katika kunufaika,
Mnufaika.