Kamba ya Nguo na Hesabu za Mishale

Kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa sana huachia mapema kuliko iliyolegea, na aghalabu huachia uani watu wakiwepo. Tukio lenyewe huwa fupi. Mpangaji mgeni, aliyechoshwa na kamba ya zamani iliyopwaya mpaka mashuka yakawa yanafagia chini, hununua kamba mpya ya manila. Upande mmoja huifunga kwenye nguzo ya zege, upande wa pili kwenye ndoano iliyopigiliwa ukutani, kisha huikaza kwa mikono, goti na meno hadi ikiguswa inalia. Majirani humsifu. Ndipo huanika blanketi, lile zito la maua, la kukamuliwa na watu wawili, ambalo siku hiyo limekamuliwa na mmoja. Ndoano huchomoka na bonge la plasta, na blanketi hujilaza kwenye maji ya sabuni yaliyomwagwa muda si mrefu. Mama mwenye nyumba hutoka, hulitazama tundu la ukutani kabla ya kumtazama mpangaji, halafu huuliza ile kamba ya mwanzo ilikuwa na kosa gani.

Haikuwa na kosa, na hilo ndilo linalouma. Duka la vifaa husingiziwa kuuza ndoano feki, fundi aliyepiga plasta hutajwa kwa ubaya, lakini ndoano imefanya kazi yake na plasta pia. Kilichokosewa ni kujumlisha.

Vitu vinavyopimwa katika fizikia hujumlishwa kwa namna mbili. Skala hujitosheleza kwa namba na kipimo chake: tungamo, muda, halijoto, ujazo, nishati. Blanketi kavu la kilo 4 likinywa maji kilo 6 huwa kilo 10, liwe limekunjwa, limetandikwa au limemwangukia mtu kichwani. Vekta hudai na uelekeo. Utabiri wa hali ya hewa redioni huzitaja zote mbili kwa pumzi moja: halijoto ya nyuzi 31 ni skala, na upepo wa kutoka kusini mashariki kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa ni vekta, kwa kuwa nahodha wa jahazi akitajiwa kasi bila upande bado hajui aende au abaki bandarini. Kuhusu skala hakuna la kuongeza. Vituko vyote viko kwenye vekta.

Vekta huchorwa kama mshale. Urefu wake huonyesha ukubwa, ncha huonyesha uelekeo. Kujumlisha mishale miwili ni kuanzisha wa pili pale wa kwanza ulipoishia, kisha kuchora mshale mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo kani ya nyutoni 100 ikijumlishwa na nyingine ya nyutoni 100 inaweza kutoa 200 zikivuta upande mmoja, sifuri zikivutana, takriban 141 zikikingamana kwa nyuzi 90, na 100 kamili zikiachana kwa nyuzi 120. Hilo jibu la mwisho, kwamba mia na mia ni mia, lina ladha yake, na mwenye kuanika blanketi angefaidika kulijua kabla ya kupigilia ndoano.

Blanketi la kilo 10 huvuta kuelekea chini kwa kani ya takriban nyutoni 100. Likining'inia katikati ya kamba, kinachopaswa kulishikilia ni mivuto miwili ya kamba, mmoja kushoto na mwingine kulia. Sehemu ya mvuto inayoelekea pembeni hailibebi blanketi hata kidogo. Ya kushoto inashindana na ya kulia, zinamalizana, na mzigo wote unabaki kwa kile kisehemu kidogo cha kila mvuto kinachoelekea juu. Kamba ikiinama nyuzi 30 kila upande, kila kipande huvuta kwa nyutoni 100, na hapo ndipo mia na mia zinapotoa mia. Ikiinama nyuzi 10, kila kipande hulazimika kuvuta kwa nyutoni 288. Nyuzi 5, nyutoni 574. Ikikazwa mpaka inainama nyuzi 1 tu, yaani kubonyea sentimita 5 kwenye kamba ya mita 6, mvuto hufika nyutoni 2,865. Huo ni karibu uzito wa magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia, kwenye ndoano moja, kwa ajili ya blanketi.

Hesabu hiyo ikisukumwa mbele, hufika mahali pa ajabu. Kamba iliyonyooka sawasawa, isiyoinama hata kidogo, haina sehemu yoyote ya kuelekea juu, hivyo ingehitaji mvuto usio na mwisho ili kubeba hata leso moja. Hakuna kamba ya namna hiyo duniani, wala minyororo. Manila husalimika mara nyingi kwa kuwa hutanuka, na ikitanuka huinama, na ikiinama hupumua. Waya hautanuki kiasi hicho, ndiyo maana mwenye waya huharibikiwa ukuta haraka zaidi. Nyaya kubwa za umeme kati ya mnara na mnara huonekana zimelegea kana kwamba mafundi walichoka mapema, kumbe kule kulegea kumepigiwa hesabu.

Madereva wa njia za tope huutumia ubaya huohuo kwa faida. Gari likikwama, kamba ya mita 10 hufungwa kati yake na mti ulio mbele, ikakazwa kabisa, kisha mtu husimama katikati ya kamba na kuisukuma kwa pembeni. Akiisukuma kwa nyutoni 300 hadi ipinde nyuzi 5, gari huvutwa kwa takriban nyutoni 1,720. Husogea sentimita 4 hivi. Kamba hukazwa upya, husukumwa upya, na abiria waliokuwa wakicheka huanza kushika kamba.

Sheria ya kujumlisha kani ni ya zamani. Simon Stevin wa Uholanzi aliieleza kwa pembetatu mwaka 1586. Majina vekta na skala yalikuja baadaye sana, kwa William Rowan Hamilton wa Dublin, miaka ya 1840. Wakati huohuo Hermann Grassmann, mwalimu wa shule huko Stettin, alichapisha mwaka 1844 kitabu kilichokwenda mbali zaidi ya hapo. Wanunuzi walikuwa wachache mno. Mwaka 1864 nakala karibu 600 zilitumiwa kama karatasi taka, na mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha kugeukia lugha ya Kisanskriti.

Mikasa mingine ya vekta ni midogo. Wanaosukuma daladala lililokwama kwa kuegemea ubavuni hutoka jasho sawa na walioko nyuma, ila jasho lao haliingii kwenye jumla. Mwenye kukadiria nauli ya bodaboda kwa mstari ulionyooka kwenye ramani ya simu hukumbushwa na dereva kuwa katikati kuna mto.

Mkasa mkubwa uko darasani. Wanafunzi wa sekondari hukaririshwa kwamba vekta ni kiasi chenye ukubwa na uelekeo, kisha mtihani huwataka wataje vekta tano na skala tano, basi. Kwa fasili hiyo, mkondo wa umeme ungekuwa vekta: una ukubwa kwa ampea, na unaelekea upande mmoja wa waya. Lakini nyaya mbili zikikutana, moja ikileta ampea 3 na nyingine ampea 4, ya tatu hubeba ampea 7 hata zikutane kwa pembe gani. Mkondo hujumlishwa kama kilo za sukari, kwa hiyo ni skala. Anayeuweka kwenye orodha ya vekta amefuata alichofundishwa neno kwa neno, na hupigwa mkasi mwekundu bila kuambiwa sababu, kwa kuwa sababu imo kwenye nusu ya fasili ambayo hakupewa: vekta lazima ijumlishwe kwa kanuni ya mishale. Kisingizio cha kukosa maabara hakitoshi hapa. Kamba, ndoo ya maji na wanafunzi wawili wa kuvuta vipo kila shule. Walimu waifundishe fasili nzima, na watunga mitihani waache kuuliza orodha.