Pochi ya Bitcoin Simuni: Mwongozo kwa Atakayelizwa

Mwongozo huu una hatua tano. Utafuata nne.

Kwanza, pakua programu. Usiandike jina dukani ukabonyeza ya kwanza kutokea; anzia kwenye tovuti ya wenyewe, ufuate kiungo chao. Mwaka 2021 pochi bandia yenye jina la Trezor ilikutwa ndani ya duka la Apple, imepambwa kwa karibu nyota tano, nayo ilikuwa imeshakomba bitcoin za watu. Faili lililotumwa kwa WhatsApp usiliguse, hata likitoka kwa shemeji. Hasa likitoka kwa shemeji.

Pili, utapewa maneno 12 au 24, mara nyingi ya Kiingereza, yaliyochotwa katika orodha ya maneno 2,048. Hayo ndiyo ufunguo wa pesa zako; simu ni kopo tu. Yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio uleule. Usiyapige picha: mwaka 2025 wataalamu wa usalama wa kompyuta wa Kaspersky walieleza kirusi SparkCat, kinachopekua picha za simu kikitafuta maneno ya namna hiyo. Tafuta kalamu mapema. Iliyopo nyumbani haiandiki.

Tatu, ficha karatasi. Mahali pa siri panajulikana: chini ya godoro. Usimwambie mtu. Kumbuka tu kwamba godoro huanikwa Jumamosi.

Nne, tuma kiasi kidogo kwanza. Linganisha anwani yote, herufi kwa herufi, kwa sababu kuna virusi vinavyoibadilisha pale unapoinakili. Bitcoin ikishathibitishwa kwenda kwa mwingine hairudi, wala hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga ukilia. Kulia kunaruhusiwa.

Tano, ukikwama utaeleza shida yako kwenye kundi la Telegram. Kabla chai haijapoa atakufuata faragha "afisa wa huduma", mpole, anayekuita "mpendwa". Shtuka hapohapo: ofisi ya kweli ingekuweka foleni. Atakuomba yale maneno 12, "kwa uhakiki tu". Usimpe.

Utampa. Mkeo ulimficha, mama yako ulimficha, godoro lenyewe ulilihamisha chumba. Huyu utamsomea taratibu, neno moja moja, asije akakosea tahajia.