Hendibreki ya Kivukoni

JUMATATU

Kisorya gari huegeshwa kwa gia na jiwe. Hendibreki ni mambo ya kivukoni. Ukiingiza gari kwenda Rugezi, au ukirudi, kijana wa zamu anakuonesha kwa kidole: gia, hendibreki, halafu anasukuma kabari za mbao chini ya tairi. Leo natoka Nansio nikavuta kama nilivyoamriwa. Kabla ya safari hii, mara ya mwisho kuivuta ilikuwa kabla ya masika.

Tumefika upande wetu, nimeishusha, taa nyekundu imezimika, Corolla imepanda kutoka gatini kwa kunung'unika. Wa nyuma yangu akapiga honi. Taa ile, kwa faida ya wa nyuma yangu, husoma mkono wa hendibreki na kiwango cha mafuta ya breki tu. Mkono ukilala, inazima. Huko nyuma magurudumu yanafanya nini, haina habari.

JUMANNE

Bunda. Zamani gari likiwa zito njia hii ulisingizia barabara. Sasa kipande cha Bulamba hadi Kisorya, kilomita 51, ni lami, na dereva hana pa kujificha.

Nimempakia mama mmoja na gunia lake la dagaa kwenye buti, na mwalimu mstaafu anayekwenda kushughulikia karatasi zake. Tulipopita Kibara ikaingia harufu. Mwalimu akashusha kioo, akatazama mashamba kwa muda.

"Mama, hawa dagaa walikauka sawasawa?"

"Walikauka, baba. Jua la juzi lile."

Kimya. Harufu ikazidi. Mwalimu akashusha na kioo cha pili. Mama akasema katika ukoo wao hajawahi kutokea mtu wa kuuza dagaa waliooza, na kama kuna anayedhani hivyo aseme jina. Hakuna aliyesema. Nikatoa gia kwenye mteremko, na gari, badala ya kuserereka, likapungua mwendo lenyewe. Nikagusa breki: pedali ikazama karibu mpaka sakafuni. Nikapampu, ikarudi kidogo. Nikapaki pembeni.

Gurudumu la nyuma kushoto halikushikika. La kulia lilikuwa vuguvugu tu. Tone la maji lilidondoka kwenye rimu kutoka chupa ya mwalimu, likaruka na kutoweka. Akainua chupa amwage yote.

"Mwalimu, tafadhali, usimwage."

"Chuma kinaogopa maji?"

"Kikiwa na moto huu kinaogopa, mzee wangu. Drami inaweza kupasuka."

Akanywa maji yale, kwa uchungu kidogo.

Tukakaa chini ya mwembe kungoja lipoe. Kila aliyepita alisimama kutoa uchunguzi. Wa lori: beringi. Wa bodaboda: injini. Mwenye baiskeli aliyebeba magimbi: umelogwa, na si mbali, ni huko huko ulikotoka. Mama wa dagaa hakutoa maoni. Alikuwa ametazama moshi mwembamba ukitoka kwenye rimu, akamgeukia mwalimu, akamtazama yeye pia. Kufika Bunda, walishuka bila kuagana.

JUMATANO

Fundi yuko msibani. Nimeacha hendibreki chini, jiwe mbele ya tairi, jiwe nyuma. Majirani wameuliza kama gari limekamatwa na serikali.

Mafuta ya breki nimeyatazama: rangi ya chai ya rangi. Yakiwa mapya, haya ya DOT 3 hayachemki mpaka nyuzi 205 au zaidi. Lakini hunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakishashiba kiwango kinaweza kushuka hadi 140 hivi. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unajikunja tu. Ndiyo maana pedali ilizama. Nimemweleza shemeji haya yote kwa kirefu. Akauliza kama chai ipo.

ALHAMISI

Fundi amerudi. Sipendi mafundi wanaonunua kifaa kabla ya kuinua gari, na huyu si wa aina hiyo: ananunua kabla hata hajaliona. Alikuja na brekishuu mpya mkononi. Nikamwomba tulipige jeki kwanza.

Tumeinua nyuma. Gurudumu la kulia linazunguka kwa kidole. La kushoto linahitaji mikono miwili na ghadhabu. Hapo, kwa anayetaka kujua, kuna njia ya kumbana mhalifu bila kununua chochote. Legeza nati ya waya wa hendibreki pale kwenye mkono, ndani ya gari. Gurudumu likifunguka, kesi ni ya waya: umeganda, au umevutwa mno. Lisipofunguka, fungua nipo ya kublidi nyuma ya drami. Mafuta yakichuruzika na gurudumu likaachia, presha imenaswa: paipu ya mpira imevimba kwa ndani, au silinda kuu hairudishi. Lisipoachia bado, ugomvi uko ndani ya drami kwenyewe.

Tumelegeza nati. Likafunguka nusu. Fundi akasema nusu ni kufunguka. Nikasema nusu ni nusu. Tukafungua nipo: halikuongeza kitu. Kwa hiyo waya una hatia, na ndani ya drami una mwenzake.

Drami imegoma kutoka. Fundi kachukua nyundo. Kwenye uso wa drami za Toyota hii kuna matundu mawili madogo yenye nyuzi, yaliyojaa kutu na udongo; unasafisha, unakaza humo bolti mbili za spana namba 12, zamu kwa zamu, na drami inajisukuma yenyewe. Nikamwonesha. Akasema anayajua, alikuwa anaipasha moto nyundo.

IJUMAA

Imetoka. Vumbi jeusi, na kabla sijafungua mdomo fundi alishalipuliza kwa wake. Akakohoa hadi kwenye uzio. Brekishuu za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake si la kupuliza. Nikaleta maji ya sabuni. Akasema mngesema mapema.

Kilichoonekana: brekishuu zimeng'aa kama kioo, springi moja ya kurudishia imegeuka bluu kwa moto, na kale kamkono kanakovutwa na waya kameganda kwenye pini yake. Fundi akakagonga, akakapaka mafuta, akakachezesha mpaka kakakubali. Pini tumepiga msasa, tukapaka grisi ya kuhimili moto, kidogo sana, maana ikigusa brekishuu utapata gari lisilosimama badala ya lisilokwenda. Adjasta ilikuwa imejikaza kupita kiasi, tukairudisha.

Springi ya bluu iliruka wakati wa kuitoa. Watoto wameitafuta, shemeji ameitafuta, kuku wa jirani ameonekana akiondoka kwa haraka. Hatumtuhumu. Ilikuwa ya kutupa hata hivyo, ila fundi alitaka sampuli ya kuagizia.

Waya wenyewe tumeuchomoa. Ganda la nje limepasuka chini, maji yameingia, kutu imejaa ndani. Ukivuta, unakwenda. Kurudi haurudi. Fundi akautupa chini, akasema huu umekufa, hata wa kuuombea hayupo.

JUMAMOSI

Waya umekuja na basi kutoka Musoma. Ni wa kulia. Nilisema kushoto kwenye simu, kondakta alisikia kushoto, muuzaji aliandika kushoto juu ya boksi. Ndani, kulia. Kwa gari hili nyaya hizo mbili hazilingani urefu. Fundi alijaribu hata hivyo, kwa heshima ya nauli.

JUMATATU

Wa kushoto umefika jana jioni. Leo tumefunga, tumeblidi mafuta mapya mpaka yakatoka meupe, tumerekebisha adjasta kwanza na waya mwisho, si kinyume chake. Nimekwenda hadi Kibara na kurudi, nikashika rimu zote mbili za nyuma kwa kiganja. Joto la kawaida, sawa kwa sawa. Sasa naivuta kila jioni, hata uani, ili isisahau kazi. Jiwe limebaki palepale. Majirani wamelizoea kulikalia.

Nilipita kwa fundi kumalizia deni. Nikamkuta mbuzi wake amefungwa kwenye mti kwa ule waya wa zamani. Nikauliza, si ulisema umekufa? Akauvuta kidogo anioneshe, mbuzi akaja. Akasema waya wenyewe ni mzima kabisa, shida ilikuwa gari.