Jinsi ya Kuchekesha kwa Miaka 30 Bila Kumchosha Mtu

Waingereza wana mapenzi ya muda mrefu na vipindi vya jopo: wachekeshaji wanne au sita nyuma ya meza, mwendesha kipindi katikati, maswali mepesi, na pointi zisizomfaa mtu chochote. Have I Got News for You kilianza BBC mwaka 1990 na hakijachoka. Mock the Week kilianza 2005, nacho BBC ikakifuta 2022. Vyote viwili vilicheka na habari za wiki. Kama unataka kipindi chako kidumu, fuata hatua hizi zote. Kuchekesha ni kazi ya heshima, na mtazamaji amekupa nusu saa ya maisha yake ambayo hairudi.

1. Usiishi kwa habari peke yake. Have I Got News for You hurekodiwa Alhamisi na kurushwa Ijumaa, na utani wake hunoga siku hiyohiyo. Lakini utani wa habari ni samaki wa mnadani: leo anagombaniwa, keshokutwa hata paka anamkagua kwanza. Utani unaotokana na tabia ya mtu ni ng'onda, unakaa. Tazama marudio ya miaka ya 1990. Mawaziri wa John Major, waziri mkuu wa wakati huo, wanatajwa mmoja baada ya mwingine, na kijana wa leo hamjui hata mmoja. Anachokielewa papo hapo ni Ian Hislop, mhariri wa jarida la Private Eye, akipandwa na hasira huku ushahidi anao, na mchekeshaji Paul Merton pembeni akiitelekeza habari na kuzua kisa chake mwenyewe. Tafuta watu wenye tabia kwanza.

2. Tunga mchezo unaoeleweka kabla chai haijapoa. Katika Would I Lie to You?, kilichoanza 2007, mtu husoma dai kuhusu maisha yake, wapinzani wakamhoji, kisha wakaamua kama ni kweli au uongo. Mchekeshaji Bob Mortimer aliwahi kudai kwamba anaweza kupasua tufaha vipande viwili kwa mikono mitupu. Wakambana kwa maswali. Akaletewa tufaha, akalishika kwa mikono yote miwili, akakaza, likapasuka. Hapo hakuna waziri wala kashfa ya kuelezwa. Kumchunguza mtu ujue kama anakudanganya ni mchezo wa tangu enzi za mababu, na wajukuu watauelewa.

3. Ajali usiikate. Mwaka 1993 mwanasiasa wa chama cha Labour, Roy Hattersley, aliyealikwa Have I Got News for You, alijitoa dakika za mwisho, na haikuwa mara yake ya kwanza. Watayarishaji wakaweka kopo la mafuta ya nguruwe kwenye nafasi yake, kando ya Merton, na kipindi kikaendelea. Mgeni wako akikukimbia, fanya vivyo hivyo. Mtazamaji anatofautisha kicheko kilichoandikwa na kilichozuka, na kilichozuka ndicho atakachokisimulia kazini kesho yake.

4. Badilisha sura, ila usizibadilishe zote. Mwendeshaji Angus Deayton alipoachishwa kazi mwaka 2002, Have I Got News for You kikaazima waendeshaji wa muda, na utaratibu huo wa muda ukawa wa kudumu. Kila wiki kuna mgeni kitini, lakini Hislop na Merton wapo palepale kumpokea na kumtoa jasho. QI, kipindi kingine cha jopo cha BBC, nacho kiliachwa na mwendeshaji wake Stephen Fry, Sandi Toksvig akachukua kiti mwaka 2016, na Alan Davies, mshiriki wa kudumu, akabaki pembeni yake kama kawaida. Mtazamaji apate mwenyeji wa kumzoea na mgeni wa kumshangaza.

5. Panua meza. Kwa miaka mingi majopo haya yalijaa wanaume wanaokatizana maneno. Mwaka 2014 BBC ikatangaza kwamba haitaki tena jopo la wanaume watupu. Iga uamuzi huo, tena usiishie kwenye kiti kimoja cha kuonyesha. Kipindi huzeeka siku ambayo kila aliye mezani anajua mwenzake atasema nini, na dawa yake ni watu walioishi maisha ambayo meza hiyo haijawahi kuyasikia.

6. Ukikosea, rekebisha hadharani. QI hupiga king'ora na kumkata pointi anayetoa jibu ambalo watu wengi wanaliamini kimakosa. Miaka ikapita, baadhi ya majibu ya kipindi chenyewe yakabainika kuwa si sahihi. Waandaaji wakamrudishia Davies pointi walizomnyang'anya, mbele ya watazamaji. Uzee wa kipindi ukageuka mtaji wa kuchekesha.

7. Pima, kisha uamue. Chukua kipindi chako cha miaka 10 iliyopita, kiwashe mbele ya mtu aliyekuwa mtoto wakati huo, nawe ukae kimya. Ukijikuta unamfafanulia kila utani, jua umekuwa ukiuza habari tu: waachie wengine nafasi hewani. Akicheka mwenyewe kwa sababu ya watu anaowaona na mchezo wanaoucheza, saini mkataba wa msimu mwingine.